Kuhama Chapa ya Kompyuta: Kinachobadilika na Kisichobadilika

Kompyuta ikimsumbua mtu, lawama ya kwanza hulipata jina lililoandikwa kwenye kifuniko. "HP sirudii tena." "Dell chaji haikai." "Bora Lenovo." Hasira ina haki yake, ila ukifungua skrubu za chini utakuta jina hilo halihusiki na sehemu kubwa ya vilivyomo. Prosesa mara nyingi ni ya Intel au AMD. SSD (diski ya kuhifadhia data) inaweza kuwa ya Samsung, Western Digital, Kioxia au SK hynix. Kioo huenda kimetoka LG Display, BOE au AUO, na kadi ya Wi-Fi huenda ni ya Intel, Realtek au MediaTek. Hata kazi ya kuunganisha mara nyingi hukabidhiwa viwanda kama Quanta na Compal vya Taiwan, ambavyo huhudumia chapa zinazoshindana sokoni. Ndiyo maana laptopu mbili za modeli moja zinaweza kutoka kiwandani na SSD za kampuni mbili.

Mtengenezaji anapotia mkono wake mwenyewe ni kwenye mwili na bawaba, kibodi, upoozaji wa joto, mazabodi (bodi kuu ya saketi) na BIOS yake (programu ya ndani inayoiwasha mashine), betri, na huduma baada ya mauzo. Hapo tofauti zipo, tena kubwa. Chukua prosesa ya Core i7-1165G7. Intel inamwachia mtengenezaji aiwekee kati ya wati 12 na wati 28. Kwenye mwili mnene wenye feni nzuri, wati 28 zinavumilika. Kwenye mwili mwembamba, dakika chache baada ya kuanza kuchakata video joto hupanda, kasi hushushwa, na kazi ileile huchelewa kuisha. Tangazo litaandika i7 kwa zote mbili.

Lakini tofauti za namna hiyo ni kubwa zaidi kati ya madaraja ya chapa moja kuliko kati ya chapa na chapa. Lenovo ina ThinkPad na ina IdeaPad. HP ina EliteBook na ilikuwa na Pavilion. Dell ilitenganisha Latitude na Inspiron mpaka Januari 2025 ilipotangaza majina mapya, Dell na Dell Pro. Aliyetoka Pavilion akaingia ThinkPad, kisha akatangaza kwamba Lenovo imeishinda HP, hakulinganisha chapa, amepanda daraja. Mwenzake aliyetoka Latitude akaingia IdeaPad ya bei ya chini atakuja na hukumu ya kinyume, na wote wawili watakuwa wanasema kweli kuhusu walichokiona.

Bawaba ndizo zinazoonyesha jambo hili vizuri. Kwenye laptopu nyingi za bei nafuu, skrubu za bawaba hushika vipande vidogo vya shaba nyeupe vilivyopachikwa ndani ya plastiki. Bawaba ikikaza kwa vumbi na umri, kila ukifungua kifuniko nguvu yote huenda kwenye plastiki hiyo. Siku moja vipande hung'oka, kona ya kioo inaachama, na waya wa skrini unaopita humo humo huanza kukatika. Utaiona hitilafu hii kwenye HP, Lenovo, Dell, Acer na Asus za daraja hilo. Kwenye daraja la kiofisi bawaba mara nyingi hufungwa kwenye fremu ya chuma. Anayehama chapa huku akibaki daraja lilelile amehama jina tu, na bawaba zitamfuata.

Hata hivyo zipo sababu halali za kuondoka. Ya kwanza ni kasoro ya usanifu inayojirudia: ukibadilishiwa mazabodi mara mbili na ikafa kwa namna ileile, ya tatu haitakuwa na miujiza. Ya pili ni spea. Dell, HP na Lenovo huweka wazi miongozo ya matengenezo kwa modeli zao nyingi, na HP na Lenovo huorodhesha hata namba ya kila kipuri, hivyo fundi anajua betri au kibodi gani aagize. Chapa isiyotoa miongozo humlazimisha fundi kubahatisha, na gharama ya kubahatisha huko unailipa wewe. Ya tatu ni RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi. Laptopu ya GB 8 isiyo na nafasi ya kuongeza ni laptopu iliyokwisha kupangiwa umri wake. Hapa pia angalia modeli: kampuni hiyohiyo huuza yenye RAM ya kuchomoa na isiyochomoka, na nyingine zina nusu na nusu.

Sababu moja inayosikika sana si halali. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama inayotunza funguo za siri) pamoja na prosesa zilizo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia hasa kizazi cha 8. Mashine ya kizazi cha 6 imekataliwa iwe ya chapa yoyote. Kumlaumu mtengenezaji kwa hilo ni kumwonea.

Upande wa kubaki una hoja ambazo watu huzidharau kwa sababu hazionekani siku ya kununua. Chaja ni ya kwanza. Plagi za mviringo za Dell zina pini nyembamba katikati ambayo haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni kusoma chipu ndogo iliyomo kwenye chaja ili laptopu ijue imepewa wati ngapi. Pini ikipinda, au waya wake mwembamba ukikatika karibu na plagi, laptopu itawaka lakini betri haitachaji, kasi ya prosesa itashushwa, na ujumbe utatokea kwamba aina ya chaja haijatambulika. Wengi hununua betri mpya hapo, bure. Ubaya zaidi ni kwamba plagi ya milimita 4.5 ya Dell na ile ya HP huingiana, ilhali namna zao za kujitambulisha hazifanani. Droo yenye chaja nne za chapa moja ni mali. Ukihama inageuka takataka.

USB-C imepunguza tatizo hili bila kulimaliza. Waya wa USB-C usio na chipu ya utambulisho hupitisha ampea 3 tu, yaani wati 60 kwa volti 20; ukitaka wati 100 unahitaji waya wa ampea 5. Laptopu iliyokuja na chaja ya wati 65 ukiipa ya wati 45 itachaji polepole au itakula betri wakati wa kazi nzito, na baadhi zitakataa kabisa. Laptopu za michezo zinazokula wati 200 na zaidi bado huja na plagi ya kipekee.

Kwa ofisi yenye mashine ishirini, nadhani hoja ya kubaki ina uzito kuliko kwa mtu mmoja. Mashine za modeli moja hukopeshana vipuri: mazabodi ya moja ikifa, kioo, kibodi na RAM zake hufufua nyingine tatu. Draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) ni zilezile, doki (vituo vya kuunganishia skrini na vifaa vingine) zilezile, na mhudumu anajua bila kutafuta kwamba BIOS inaingiwa kwa F2 na menyu ya kuwashia ni F12 kama ni Dell, au F10 na F9 kama ni HP. Kuchanganya chapa tano kunafaidisha pale tu penye haja maalumu, mfano mchoraji anayehitaji kioo chenye rangi sahihi.

Sasa kuhama kwenyewe. Kutoka Windows hadi Windows, chapa yoyote kwenda chapa yoyote, ni kazi ya mchana mmoja ikiwa data imepangika. Inapoharibika, huharibika kwa sababu mtu amefupisha njia: anachomoa SSD kwenye laptopu ya zamani na kuichomeka kwenye mpya.

Kwanza kabisa huenda isiingie. SSD za M.2 (zile nyembamba za kuchomeka) zina urefu wa milimita 80, 42 au 30, na baadhi ya laptopu hazina nafasi ya ile ndefu. Tena kuna za SATA na za NVMe, namna mbili tofauti za kuunganisha diski, zinazofanana kwa macho. Ikiingia, kuna usimbaji, yaani data kufungwa kwa ufunguo wa siri. Windows nyingi za sasa husimba diski zenyewe mara mwenye mashine anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na funguo hukaa kwenye TPM ya mazabodi ya zamani. Mashine mpya ikiwashwa, huja skrini ya bluu inayodai ufunguo wa kuokoa wenye tarakimu 48. Mwenye nao huuandika na kuendelea. Asiye nao popote, hata kwenye akaunti yake ya Microsoft, na mazabodi ya zamani imekufa, data hiyo imekwenda, na hakuna fundi wa kumsaidia. Kwa hiyo kabla ya lolote, kwenye mashine ya zamani fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili tarakimu hizo kwenye karatasi.

Kizingiti cha tatu ni VMD ya Intel, namna ya prosesa kusimamia SSD, iliyokuja kwenye laptopu nyingi kuanzia kizazi cha 11. Ikiwa imewashwa kwenye BIOS na Windows iliyomo kwenye SSD haina draiva yake, utapata kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na mashine itazunguka ikijiwasha upya. Ukisakinisha Windows upya, kisakinishi kitadai hakuna diski hata moja, na watu hudhani SSD imekufa. Dawa ni kuzima VMD kabla ya kusakinisha, au kuweka draiva ya Intel RST kwenye flashi na kuipakia pale kisakinishi kinapouliza. Kwenye Acer nyingi kipengele hicho kimefichwa. Ukiwa ndani ya BIOS, kwenye ukurasa wa Main, bonyeza Ctrl na S kitokeze.

Leseni nayo haihami hivi hivi. Windows iliyokuja na laptopu imefungwa kwenye mazabodi yake, na mpya huwa na yake. Programu za kulipia zenye kikomo cha mashine lazima zitolewe kwenye ile ya zamani kwanza, ingali inawaka. PIN ya kuingilia na funguo za siri zilizohifadhiwa ndani ya TPM hazinakiliki. Cheti cha sahihi ya kidijitali kinahama tu kama kiliruhusiwa kutolewa pamoja na ufunguo wake binafsi. Anayetegemea cheti cha namna hiyo kwa zabuni au kodi ajue hilo kabla hajauza mashine.

Yote hayo ni madogo ukilinganisha na kubadili mfumo wa uendeshaji au aina ya chipu, na hapo ndipo gharama halisi ilipo. Anayekwenda Mac anapata betri inayodumu, ukimya, kioo na spika nzuri, na hukumu yangu ni kwamba kwa uandishi, picha na video hana cha kujutia. Anapoteza mambo mahususi. Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza na M1 Novemba 2020, hazina Boot Camp (zana ya kuweka Windows kwenye Mac), kwa hiyo Windows ya kawaida ya Intel haiwekwi pembeni. RAM haiongezeki kamwe, basi kiasi unachonunua leo ndicho utakachozeeka nacho. Diski ya nje ya NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) itasomeka lakini haiandikiki. Iliyosimbwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, haifunguki bila programu ya ziada. Andaa diski ya kuhamishia yenye mpangilio wa exFAT, ambao Windows na Mac zote huuandikia, si FAT32, maana FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4. Na mwenye skrini mbili mezani aangalie doki yake. macOS haigawi ishara ya MST, yaani ishara moja ya video inayobeba picha za skrini kadhaa, hivyo doki ya USB-C iliyokuwa ikitoa picha mbili kwenye Windows itaonyesha picha moja kwenye skrini zote mbili. MacBook Air ya M1 au M2 huendesha skrini moja tu ya nje. Ya M4 huendesha mbili.

Laptopu za Windows zenye chipu ya Snapdragon X, zilizotoka Juni 2024, zina mtego wa aina yake kwa sababu zinafanana kabisa na ndugu zao wa Intel. Programu za kawaida huendeshwa kwa uigaji na nyingi hufanya kazi. Draiva haziigwi. Printa ya zamani, skana, au kifaa cha USB kinachofungulia programu ya uhasibu kitagoma ikiwa mtengenezaji wake hakutoa draiva ya ARM64 (aina ya chipu ambayo Snapdragon ni mojawapo). Orodhesha vifaa vyako na utafute draiva moja moja kabla ya kulipa.

Kama uamuzi unategemea uchovu wa mashine uliyo nayo, ipime kwanza. Amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao sasa. Ikiwa ilikuwa 50,000 mWh na sasa inashika 22,000, tatizo ni betri. Laptopu inayoamka moto ndani ya begi mara nyingi ina tatizo la usingizi wa kisasa wa Windows, ambao huiacha nusu macho. Powercfg /a itakuonyesha inatumia upi. Chapa mpya ya Windows itakuja nao uleule. Betri, SSD ya NVMe na pasta mpya ya joto vikirudisha kazi, hakuna haja ya kuhama mwaka huu.

Ukishahama, iache ya zamani kama ilivyo kwa mwezi mmoja, maana faili linalokosekana hukumbukwa wiki ya tatu. Kisha ifute. Kama ni Mac, zima Find My (huduma ya Apple ya kutafuta kifaa kilichopotea) na utoke iCloud kabla ya kuikabidhi. Bila hivyo mnunuzi atakwama kwenye skrini ya kwanza akidaiwa akaunti yako.