Si uchoyo, ni nyumba

Juzi kwenye kikao cha ukoo, michango ya harusi ilipokwisha kusomwa, mjomba alitugeukia sisi tuliozaliwa miaka ya themanini akasema tumeiga Uzungu. Watoto wawili basi, mlango umefungwa, ndugu akitoka kijijini anaulizwa anaondoka lini. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Sikujibu, mkubwa hajibizwi mbele za watu, lakini maneno yale yaliniuma na bado yananiuma. Shikamoo mjomba. Naomba nikujibu hapa.

Nyumba ya bibi pale Ilala, Dar es Salaam, unaijua kuliko mimi, umezaliwa humo. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko, choo na bomba. Chumba cha mbele alikaa mpangaji, na kodi yake ilitusaidia ada za shule. Binamu akija mjini kusoma, godoro linatandikwa ukumbini na mchele unaongezwa kidogo, yameisha. Hakuna aliyeitwa mkarimu kwa hilo. Nyumba yenyewe ilikuwa na nafasi ya mtu ambaye hajatoa taarifa.

Bibi alizaa tisa, wakakua wanane. Hapa ndipo pa kutazama. Vizazi vilivyomtangulia navyo vilizaa wengi, lakini vilizika wengi. Hata mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, 147 hawakufika miaka mitano. Kwenye utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo imeshuka hadi 43. Hiyo ni neema kubwa, na sitaki mtu anisikie nikiililia. Ila wakikua wanane, warithi nao ni wanane, na nyumba ni ileile moja. Bibi alipofariki, wenye haja ya fedha hawakuweza kuwalipa wenzao, wenzao hawakuweza kuwanunulia fungu lao, na nyumba ya vyumba sita haikatwi vipande vinane. Ikauzwa. Pale sasa pana ghorofa. Fungu la mama lilitosha kiwanja Chanika, pembezoni mwa jiji, fedha ya msingi hakuna.

Kwa hiyo familia kubwa ya jana ndiyo iliyozaa kaya ndogo ya leo. Hakuna aliyeivunja kwa ubaya. Wachagga wanalijua hili kwenye vihamba, yale mashamba ya urithi ya ukoo: baba mmoja, migomba ileile, wana sita, na kijana wa nne anapanda basi kwenda mjini kwa sababu hana pa kuweka hata banda.

Tazameni sensa. Mwaka 2012 tulikuwa milioni 44.9, mwaka 2022 tukawa milioni 61.7. Wastani wa watu kwenye kaya ukashuka kutoka 4.7 hadi 4.3. Zidisheni wenyewe, mtaona kaya zimetoka kama milioni tisa na kitu zikafika kama milioni kumi na nne. Watu wameongezeka zaidi ya theluthi, kaya zimeongezeka kwa kama nusu. Maana yake milango inatafutwa kwa kasi kuliko watu wanavyozaliwa, na anayetafuta mlango mjini anakutana na dalali.

Hili tangazo nimelinakili kutoka kwenye simu yangu: "Chumba masta, sebule, jiko la ndani, luku yako mwenyewe, maji yapo. Kodi miezi sita. Asiwe na familia kubwa." Jingine, la mtaa huohuo wa Tabata: "Watoto wasizidi wawili." Mwenye nyumba namwelewa kwa shingo upande, maana karo la choo likijaa ni yeye anayeita gari la kunyonya, na bili ya maji ikigombaniwa anayegongewa usiku ni yeye. Lakini kila kiwanja kikijengwa safu ya vyumba masta, yaani vyenye choo na bafu ndani, kwa ajili ya kijana mmoja asiye na mke, mwenye watoto watatu na mama mgonjwa aende wapi? Mtu anahesabiwa watoto getini halafu ndugu zake wanamwambia hapendi kuzaa.

Mwanangu wa kwanza anakaa na mama Muheza, mkoani Tanga. Hapa mjini tunahesabika kaya ya watu watatu, mimi, mume wangu na mdogo. Kule mama anahesabika kaya ya watu wanne, yeye na wajukuu watatu, mmoja wangu na wawili wa kaka. Karani wa sensa ameandika kaya mbili na hakukosea. Ila ni familia moja iliyokatwa na kodi, na kila Jumapili inaunganishwa kwa simu na fedha ya kwenye mtandao. Mwanangu anamwita bibi yake mama. Mimi ananiita kwa jina. Anayeniambia nimeiga Uzungu aje asikie hilo kwanza.

Ndiyo, wapo wenye vyumba vinne na geti, na ndugu analala stendi. Hao mjomba awaseme. Ndiyo, wanawake tumesoma na tunapanga uzazi, kwa utafiti uleule wa mwaka 2022 mjini wastani ulikuwa watoto 3.6 kwa mwanamke na vijijini 5.5, na kwa hilo sina la kuomba radhi.

Kinachowezekana kinaanzia kwenye mirathi. Viwanja vya urithi bado vipo, Ilala, Temeke, Magomeni, na madalali wanavizunguka. Kabla hamjauza, kaeni. Pale Kariakoo kuna familia zilizoingia ubia na mjenzi, zikatoa ardhi, zikabaki na sehemu ya jengo. Mkiweza hivyo, andikisheni warithi wote kwenye hati, wanawake wakiwemo, na mkataba mwanasheria ausome kabla ya saini. Mkishindwa ghorofa, jengeni hata chumba kimoja kwa mwaka, lakini pawepo chumba cha chini kisicho na ngazi kwa ajili ya mzee, na pawepo sebule ambayo godoro likitandikwa mlango bado unafunguka.