Mtoto mwenye saratani naye yuko likizo

Naishi Leeds, Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa katika wodi ya vijana wenye saratani. Mwezi wa sita mwaka huu nilichukua likizo nikarudi Magomeni, Dar es Salaam, kumsaidia dada yangu, ambaye mwanawe wa kidato cha pili anatibiwa saratani ya damu. Ugonjwa ni uleule ninaouona kule kila siku, na dawa karibu zilezile. Ndiyo maana nathubutu kusema hili: nyumbani tunampa kijana mgonjwa watu wengi na dua nyingi, lakini ujana wake tunamnyang'anya.

Kwanza nitoe haki panapostahili. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 kati ya 100 wanaougua saratani wanapona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Watoto wetu si dhaifu. Wanachelewa kugunduliwa, wanatibiwa malaria kwanza, nauli inaisha, dawa inakosekana, mzazi anakata tamaa katikati ya tiba ambayo kwa saratani ya damu inaweza kuchukua miaka miwili hadi mitatu. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hawa duniani wawe wanapona, na bado safari ni ndefu. Kwa vipimo na dawa, sina cha kubishana na Uingereza.

Wodi yetu kule ina chumba cha vijana chenye makochi, michezo ya video, rafu ya vibonzo na riwaya fupifupi. Yupo mfanyakazi ambaye hashiki sindano wala dripu. Yeye ameajiriwa akae na vijana, basi. Kila nikikiona chumba kile nawaombea watoto wetu wakipate. Lakini majira ya joto yakifika, shule zikafungwa kwa wiki kama sita na jua likawa linazama saa tatu usiku, huwa naumia. Wenzao wako nje, wao wako kitandani na mama. Baba kazini, mdogo wake kaachwa kwa rafiki, bibi yuko kwenye simu. Ninaingia kubadilisha shuka nakuta watu wawili ambao wameshaishiwa maneno. Vitabu vipo, wa kucheka nao hawapo.

Magomeni watu ndio kitu cha kwanza. Likizo ya mwezi wa sita, kipupwe kimeanza, mabinamu wamejazana, magodoro yametandikwa sebuleni. Mama yetu amekaa mlangoni na ndoo ya maji na sabuni, na mwenye mafua havuki mlango ule hata awe nani. Wiki ya vidonge vya steroidi mtoto anashikwa na njaa saa nane usiku, anataka chipsi mayai, na dada anaamka kukaanga mwenyewe. Za barabarani hapati, wala kachumbari, wala juisi ya miwa, maana chembe nyeupe za damu zikishuka, kuharisha kidogo tu kwaweza kumlaza. Kwenda hospitali ya Muhimbili tunakodi bajaji badala ya kubanana kwenye mwendokasi. Homa ikigusa nyuzi 38, hata iwe usiku wa manane, tunaondoka.

Hayo yote tunayafanya vizuri. Linalonikera ni jinsi tunavyomtazama. Wageni wanakuja, huyu na kijitabu cha subira, yule na majani ya kuchemsha, mwingine na maswali ya mtihani wa Novemba. Wanaongea naye kwa sauti ya msibani. Sina ugomvi na dua, mimi mwenyewe naomba usiku na mchana. Lakini mtoto wa miaka kumi na mitano anayesikia dua kutwa nzima anaelewa kabisa watu wanawaza nini.

Mama yetu peke yake ndiye aliyemwelewa. Siku moja kijana alivuta mbuzi akae akune nazi kama alivyozoea. Bibi akamwondoa, kwa sababu chembe za kugandisha damu zilikuwa chache na meno ya mbuzi yanakata, ila hakumwambia akalale. Akamsukumia ungo. "Chambua mchele. Nikikuta chuya, unarudia wote." Kijana akanuna. Baada ya dakika chache alikuwa anazozana na binamu yake aliyekaa upande wa pili wa ungo, kila mmoja akimrushia mwenzake chuya zake. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu nifike.

Na vitabu. Kemo, yaani zile dawa kali za saratani, inachosha kichwa. Kurasa mbili za Biolojia zinamshinda, na akishindwa anadhani amekuwa mjinga. Nikaenda Posta kwa wauza vitabu vya mtumba wanaopanga chini, nikamnunulia riwaya za kipelelezi za Kiswahili za zamani, karatasi zimegeuka njano, sura fupi, bastola na magari yanafukuzana. Hizo ziliingia. Alipopata vidonda mdomoni hata kuongea hawezi, nilimsomea mimi, naye akawa ananionyesha vidole: kimoja niendelee, viwili nirudie. Riwaya mojawapo ilikuwa imechanika kurasa za mwisho, tusijue muuaji ni nani. Nyumba nzima ikagawanyika. Bibi akamshuku daktari, mabinamu wakamshuku dereva, na kijana akatuandikia mwisho wake kwenye daftari la Hesabu. Asubuhi zikawa za magazeti ya michezo na tetesi za usajili. Yeye Yanga, bibi yake Simba, na hakuna anayemwonea mwenzake huruma.

Jirani mmoja alimwuliza dada, kwa upole, kama ni sawa nyumba yenye mgonjwa kupiga vicheko namna ile. Namheshimu, uji wa kwanza ulitoka kwake. Jibu langu ni kwamba ndiyo, ni sawa, na vicheko vingekuwa vingi zaidi kama si sisi wakubwa. Nikumbuke pia kwamba wapo watoto wanaoletwa kutoka Mtwara au Kigoma na mzazi mmoja, hawana Magomeni ya kurudia jioni. Hao wanahitaji kitabu chepesi na mtu wa kukisoma nao kuliko hata huyu wetu.

Sasa ninyi wenzangu mlioko Leeds, London au Houston, mnaotuma pesa kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya matibabu: msiache kutuma. Lakini elfu kumi mtumie mtoto mwenyewe, kwenye namba yake, mkimwambia ni ya vitabu au gazeti analolipenda. Mkiipitisha kwa mama yake itageuka nauli ya bajaji, na mama hana kosa. Kisha mpigieni, na kabla ya kumwuliza dawa zinaendeleaje, mwulizeni amefika sura ya ngapi.