Sema shikamoo

Baada ya swala ya alasiri wazee watatu hukaa kwenye baraza ya jirani yetu kucheza bao, na njia ya dukani inapita mbele yao. Mwanangu ana miaka 9 na ana usonji (autism), hali inayogusa usemi na namna ya kuhusiana na watu. Tukifika pale nilikuwa namnong'oneza, kama mama yeyote: "Sema shikamoo babu." Naye, kwa sauti safi iliyobeba mpaka lafudhi yangu, anatamka: "Sema shikamoo babu." Mzee mmoja hucheka mpaka kofia inakaa upande. Wa pili huitikia "Marahaba, mjukuu wangu" kana kwamba kaamkiwa sawasawa. Wa tatu haondoi macho kwenye kete. Huyu wa tatu ndiye aliyeniambia siku moja, tena kwa upole, kuwa samaki hukunjwa angali mbichi.

Kauli yake ilirudi nami nyumbani ikakuta ugomvi ulioanza zamani. Mama mkwe yuko upande wa mzee: mtoto afundishwe, asiachiwe hata siku moja. Mdogo wangu, ambaye husoma sana habari hizi, anasema mtoto aachwe alivyo, watu ndio wajifunze kumwelewa. Wote wawili wanampenda. Wote wawili wananichosha, kwa zamu.

Kwanza hili la kurudia maneno, kwa sababu wengi hudhani ni dhihaka. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani aliandika habari za watoto 11, maandishi ambayo ndiyo yaliyofanya hali hii itambulike kitabibu. Aliona kwamba mama akisema "sasa nitakupa maziwa yako", mtoto naye akitaka maziwa hutumia maneno yale yale, bila kugeuza "nitakupa" wala "yako". Anachukua sentensi nzima nzima, kama mtu anayebeba ndoo bila kumwaga tone. Sasa fikiria salamu zetu. Mdogo husema shikamoo, mkubwa hujibu marahaba, na ili usikosee lazima ujue nani kamzidi nani umri. Kwa miezi kadhaa, alipokuwa na miaka 7, mwanangu alikuwa akiwaendea wazee na kuwaambia "Marahaba." Kwa hesabu yake yuko sahihi: kila akisimamishwa mbele ya mzee, hilo ndilo neno linalotoka kwa mzee. Asiyejua huona mtoto wa miaka 7 aliyejipandisha cheo.

Hoja ya mama mkwe ni nzito kuliko mdogo wangu anavyokubali. Mtaani kwetu salamu ni kama kitambulisho. Mtoto anayeamkia watu anajulikana ni wa nani, na mtoto anayejulikana ni wa nani hurudishwa kwao. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wenye usonji walishajaribu kutoroka au kupotea angalau mara moja baada ya kufikisha miaka 4. Mimi sikuhitaji utafiti. Mwaka jana nilikuwa nachuja tui, geti likabaki wazi, na nilipogeuka hayupo. Alirudishwa na kijana wa bodaboda aliyemkuta karibu na barabara kubwa, amekaa anatazama magurudumu ya malori. Nilipomuuliza alijuaje pa kumleta, akasema: "Si ndiye yule wa sema shikamoo?"

Jioni ile mama mkwe alisema, unaona, salamu imemwokoa. Mdogo wangu akasema, unaona, wamemjua kwa vile alivyo, na salamu yake ile ile mbovu. Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile, na bado naona kila mmoja alikuwa na nusu yake.

Upande wa kufundisha una historia yake, na si nzuri yote. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa California alitangaza matokeo ya mafunzo makali ya tabia, saa 40 kwa wiki, kwa miaka miwili au zaidi. Kati ya watoto 19 waliopata mafunzo hayo, 9 walimaliza darasa la kwanza katika shule za kawaida. Wazazi wa kila mahali walizishika namba hizo kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Wakosoaji walionyesha kuwa watoto hawakugawanywa kwa kura kati ya kundi hilo na lile la kulinganisha, na kwamba miongoni mwa mbinu zake lilikuwamo kofi la pajani. Mwaka 1993 Jim Sinclair, mtu mzima mwenye usonji, aliwaambia wazazi kwenye mkutano wa Toronto kwamba usonji si ganda ambalo ndani yake kajificha mtoto wa kawaida. Tangu hapo makofi yameachwa na wengi, lakini ubishi haujaisha.

Kwetu ubishi huo umefika umepungukiwa viungo. Saa 40 za nani? Aliyezaa yuko sokoni au ofisini, na mtoto analelewa na bibi, dada wa kazi na binamu wanne. Mtaalamu wa tiba ya usemi ukimpata, humpata mjini, kwa miadi, kwa nusu saa. Na kofi, tukiwa wakweli, halikuhitaji kuletwa kutoka California.

Ninapoachana na mama mkwe ni hapa. Kuna Idi moja tulimpitisha nyumba sita. Kila nyumba ape mkono, akumbatiwe, abusiwe shavu, na ngozi yake haivumilii hata lebo ya fulana, huwa nazikata zote kwa mkasi. Alitii nyumba zote sita. Watu wakamsifu: mashallah, siku hizi katulia. Tulipofika nyumbani aliingia uvunguni mwa kitanda akakaa huko mpaka isha, na kesho yake hakutamka neno. Uchovu huo mgeni haukuti, ameshaondoka na sifa zake. Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni kwamba tulikuwa tunamfundisha kuwa mkubwa akikushika, kukataa ni utovu wa adabu. Mtoto ambaye kusema kwenyewe ni kazi, halafu umemwondolea na ule mwili unaorudi nyuma, siku akishikwa na mtu mbaya atakataa kwa kutumia nini?

Kuhusu macho sina la kubishana. Maswali ya uchunguzi wa awali huuliza kama mtoto anamtazama mtu machoni, na kuna wanaokazana kumfundisha atazame. Hapa bibi na wanaharakati wenye usonji wanakubaliana bila kujuana. Mama mkwe alilelewa kwamba mtoto akisemeshwa na mkubwa huinamisha uso. Kumkodolea mzee macho ni ufidhuli. Kwa hiyo mwanangu, anayetazama vidole vya miguu ya watu, kwa kipengele hicho tu ndiye mwenye adabu kuliko binamu zake wote.

Turudi kwa mdogo wangu. Neno lake ni "mwacheni". Linasikika zuri, na linapotoka kwa watu waliochoka kulazimishwa wafanane na wengine nalielewa. Shida ni kwamba neno hilo mtaani kwetu lilishakuwa na kazi nyingine kabla halijaja na maana mpya. "Mwache tu, hajui" ndilo analosema mtu anayetaka kuacha kuhangaika. Kwa sababu ya "mwache tu" mtoto habebeshwi hata kikombe, hatumwi chumvi, haulizwi anataka wali au ugali. Kwa "mwache tu" hiyo hiyo wageni wakija hufungiwa chumbani na simu mkononi. Unaweza kumheshimu mtoto alivyo na unaweza kumtupa alivyo, na kwa aliye nje ya pazia mambo hayo mawili hayana tofauti. Naona mdogo wangu hajaliona hili kwa kuwa huja Jumapili.

Kwa hiyo nafundisha, ila nimebadilisha ninachofundisha. Nimeacha kusema "sema". Tukifika barazani mimi mwenyewe natamka "Shikamoo babu", kwa sauti ambayo ningetaka itoke kwake, kisha nanyamaza. Akiirudia, imetoka nzima, haina "sema" ndani yake. Kama siku hiyo maneno hayaji, ananyanyua kiganja cha mkono wa kulia, na hiyo ndiyo salamu. Hampi mtu mkono asipotaka mwenyewe. Sehemu ngumu ilikuwa yangu: nilikwenda barazani peke yangu, nikaketi kwenye mkeka, nikawaeleza wazee kwamba wahesabu mpaka 10 kabla ya kukata tamaa. Mzee wa kofia aliuliza kama wahesabu kwa sauti. Kwa siku mbili tatu walihesabu kwa sauti kweli, kete zikiwa zimesimama, na mtoto alifurahi sana kwa sababu namba anazipenda kuliko watu.

Sasa kati ya siku saba, salamu inatoka nne, mara kwa kinywa, mara kwa kiganja. Mama mkwe anaita hiyo nusu adabu. Mdogo wangu anaita nusu mateso. Mzee wa tatu bado haondoi macho kwenye kete, ila juzi nilimwona amenyanyua kiganja chake kidogo, kama mtu anayefukuza nzi. Inawezekana ni nzi kweli.

Mama mkwe ana swali moja ambalo huliuliza kila Ijumaa, na ndilo pekee kati ya maswali yake ambalo sijalipatia jibu. Kiganja cha mtoto wa miaka 9 kinapendeza, anasema. Je, akiwa na miaka 20, ana ndevu na mabega ya baba yake, amesimamishwa usiku na sungusungu wasiomjua, wanamuuliza jina, naye ananyanyua mkono kimya?

Namwambia bado ana miaka 9. Naye ananiambia, mwanangu, huyu baba yake nilimnyonyesha juzi tu.