Swali la usiku
Eti riwaya za mapenzi zinawaharibu vijana kwa kuwafundisha mambo kabla ya wakati? Kuna mwandishi aliyedai hivyo, nami sikubaliani naye hata kidogo. Binti yangu wa miaka 15 alikuwa akisoma moja usiku, akaifunga, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa, akaniuliza: “Mama, mtu akikulazimisha umwonyeshe meseji zako, huo ni upendo?” Tulizungumza mpaka saa sita. Swali hilo nisingelipata kwa kumhubiria. Forever, riwaya ya mapenzi ya vijana ya Mmarekani Judy Blume, iliyotoka 1975, iliondolewa kwenye maktaba za shule kadhaa Marekani, na vijana bado wakaisoma. Riwaya zinazonikera mimi ni zile zinazoupamba wivu ukaonekana mahaba, na hizo ndizo za kusoma pamoja nao. Wazazi wenzangu, watoto wenu huwaonyesha wanachosoma?