Ile ya Jogoo wa Mavuno: Nisikilizeni na Mimi

Najua imeshawafikia, ile hadithi yangu na jogoo wa mnada wa kanisani. Rafiki yangu kaituma kwenye kila kundi alilomo, na kwa masimulizi yake eti nililia. Sikulia. Nilipaliwa.

Jumapili ya mavuno, ibada imekwisha, mnada umeanza. Jogoo mwekundu, kafungwa miguu kwa kamba ya katani, bei ya kuanzia 20,000. Mstari wa mbele kakaa mzee mmoja mwenye uwezo wake, anapandisha dau kwa buku buku kama ananunua dagaa. Nikamnong'oneza rafiki yangu, "Huyu tumsukume kidogo, kanisa lipate." Akauliza, "Na ukiangukiwa?"

Nikamcheka. Mwanafunzi wa sheria aangukiwe! Dau mnadani ni ofa tu. Anayekubali ni mnadishaji, na hukubali nyundo inapogonga. Kabla ya hapo unaghairi na hudaiwi senti. Nikamtajia kesi ya Uingereza, Payne dhidi ya Cave, 1789: jamaa alifika pauni 40 kwa mtambo wa kutengenezea pombe kali, akajitoa kabla ya nyundo, mahakama ikamwachia. (Ndiyo, mtambo wa pombe niliutaja kanisani. Hilo hata yeye kalificha.)

Nikapaza sauti: "Themanini na tano!"

Yule mzee akafunga pochi. Akageuka taratibu, akanitazama, akatabasamu.

"Mara ya kwanza..." Nikaangalia mezani. Kipaza sauti, chupa ya maji, daftari la ahadi. Nyundo hakuna. Nikapumua: pasipo nyundo, ukubali utatoka wapi?

"Mara ya pili..." Ndipo ukanijia ule mkia wa sentensi katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, ambao huwa tunauruka: mauzo hukamilika nyundo ikianguka, au kwa namna nyingine iliyozoeleka. Iliyozoeleka! Nikageuka. Usharika mzima umevuta pumzi, vinywa wazi, unangoja. Mpiga kinanda kanyanyua mikono. Nikasimama, goti likagonga benchi, nikasema, "Naondoa dau!" Nilisema, Mungu ni shahidi. Lakini kinanda kiliporomoka sekunde ileile, kina mama wakaachia vigelegele, na kanisa lote likaitika, "Amina!"

Kughairi ofa lazima kumfikie mwenzako kabla ukubali haujakamilika: kifungu cha 5, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kwangu kuliishia kwenye kola ya shati.

Nikamfuata mnadishaji. "Shikamoo mzee. Mimi nilighairi."

"Marahaba mwanangu. Sikusikia." Kumbe huyu alikuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo enzi zake. "Na hapa kwetu nyundo ni Amina."

Tukiwa kwenye mabishano hayo, mtoto aliyeshikishwa jogoo akalegeza kamba. Jogoo huyo, juu ya ukuta, kapotea. Nikafurahi mno: bidhaa haipo, deni limekufa! Mnaojiandaa na mtihani, hapa kalamu mkononi. Kitu mahususi kilicho tayari kukabidhiwa huwa mali ya mnunuzi pale pale mkataba unapofungwa, hata kama hajalipa wala hajakigusa, ila kama wamepatana vingine. Na hasara humwandama mwenye mali. Mnadishaji hakuhitaji kunisomea kifungu chochote. Alinionyesha ukuta tu. "Mkimbilie, ni wako."

Boom, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, halijaingia, kwa hiyo nusu nimekopa, nusu nimeandikwa kwenye daftari la ahadi. Aliyenikopesha ni huyohuyo rafiki, ndiyo maana anajiona ana hakimiliki ya hadithi. Jogoo kaonekana kwa jirani wa kanisa, anakula mtama wa watu na kunenepa. Sasa, kisheria mwokota mali anaweza kumzuia jogoo wangu mpaka nimrudishie gharama za kumtunza. Jirani bado halijui hilo. Nyie mnaoishi mtaa ule, nawaomba sana, msimtumie hii.