Nyuki Wangu Hawaaminiki

Juzi nilichelewa kazini kwa sababu ya nyuki. Naam, nyuki. Kundi zima liliingia kwenye basi kwa dirishani, nasi abiria tukatoka kwa dirisha hilo hilo, maana mlangoni dereva alishatutangulia na kuufunga nyuma yake. Nikafika dakika 40 baada ya wenzangu, shingo imevimba upande mmoja kama nimemeza mpira. Bosi akanitazama, akaitazama shingo, akasema, "Hiyo sababu haiaminiki."

Angalia alivyosema. Hakusema "sikuamini." Angesema hivyo tungejuana: yeye ndiye asiyeamini, mimi ndiye nisiyeaminiwa, tuvute viti tubishane. Lakini haiaminiki! Kosa likawa la sababu yenyewe, imetoka kiwandani na kasoro.

Mchawi ni hako kamkia, -ika. Mtoto akiangusha kikombe utamkuta amesimama kando ya vigae, mikono nyuma: "Baba, kikombe kimevunjika." Nani kakivunja? "Kimevunjika." Kikombe kimejiamulia. Hathubutu kusema "kimevunjwa," kwa sababu anajua swali linalofuata ni "na nani?" Sisi watu wazima nasi tuna "inaaminika." Inaaminika kwamba mwizi alipitia darini. Inaaminika na nani? Kimya. Wote mikono nyuma, tunatazama vigae.

Tena neno lenyewe halijui linataka nini. "Inaaminika kwamba fulani kakimbia na fedha" maana yake watu wameshaamini. "Fulani anaaminika" maana yake mpe funguo. Sasa jirani yangu aliponiambia kuhusu fundi mmoja, "Inaaminika kwamba anaaminika," mimi nikaenda kuhesabu bisibisi zangu kwanza.

Wala usilichanganye na uaminifu. Mwaminifu ni mtu alivyo taa zikizimwa. Wa kuaminika ni anavyoonekana zikiwaka. Waaminifu wasioaminika tupo, tena wengi, na shingo zetu zimevimba. Matapeli ndio kinyume chetu: tapeli asiyeaminika atamtapeli nani? Kuaminika ndiyo jembe lake, analinoa kila asubuhi.

Siku moja nilipewa fomu inayotaka "jina la mtu wa kuaminika anayekufahamu." Nikamfuata huyo huyo jirani aniwekee sahihi. Akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Jirani, mimi nakuamini sana," akasema. "Ila wewe huaminiki." Nenda kaichambue sentensi hiyo usiku, kama utapata usingizi.

Nikajaribu kulikwepa, nikashika kusadikika. Kumbe sadiki na sadaka wametoka shina moja la Kiarabu! Ndiyo maana kumsadikisha bosi ni kazi: mtu mwenyewe mkono mzito, nami namwomba sadaka saa mbili na nusu asubuhi. Shaaban Robert alipoipa nchi jina la Kusadikika katika kitabu chake cha mwaka 1951, aliiweka angani. Mzee alikuwa anajua.

Jana nikachelewa tena. Safari hii hapakuwa na nyuki wala mdudu yeyote, nilipitiwa na usingizi tu. Nikamwambia bosi basi lilipata pancha. Akanyanyua jicho. Nikaongeza: tairi la nyuma, la kushoto. Jicho likashuka kidogo. Nikaongeza: spea nayo haina upepo, ikabidi tuazime pampu kwa mzee mmoja wa baiskeli, mwenye kofia ya bluu. Kufika kwenye kofia ya bluu, bosi akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana."

Binti yangu anayesoma chuo alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hilo limepimwa zamani. Mwaka 1983 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika juu ya mwanamke wa kubuni aitwaye Linda: ana miaka 31, ana akili, na tangu chuoni alikuwa akipigania haki. Watu wakaulizwa, lipi lina uwezekano mkubwa zaidi: Linda ni karani wa benki, au Linda ni karani wa benki na pia mtetezi wa haki za wanawake? Wengi mno wakachagua la pili. Kwa hesabu haiwezekani. Kila karani aliye mtetezi ni karani tayari, na sehemu ya kundi haiwezi kulizidi kundi zima. Kila unachoongeza kwenye hadithi kinapunguza uwezekano wake wa kuwa kweli, lakini kinaongeza ladha ya kuaminika.

Nikamwambia, mwanangu, usinichoshe na Linda. Lile la pili lina kofia ya bluu, basi. Nyuki wangu walikuja vichwa wazi.

Leo asubuhi niliwahi. Bosi akapita mezani kwangu, akainama, akaichungulia shingo. "Hii nayo imefanyaje?" Nikafungua mdomo kusema nyuki. Nikaufunga.

"Mlango wa kabati, bosi. Lile la kushoto, lenye kitasa cha shaba."

"Aa," akasema. "Hivyo vitasa vya shaba ni vibaya sana."