Ulizeni kwanza kasi ya kupakia

Mtu akiniuliza kati ya kebo na faiba ipi inafaa nyumbani, mara nyingi anafikiria kasi ya kupakua tu. Mimi humrudisha kwenye kupakia, yaani kutuma data kutoka nyumbani, maana huko ndiko kebo ilikonitesa.

Waya wa koaksia, ambao ndio kebo yenyewe, ulitandazwa kwa ajili ya televisheni: picha zije nyumbani, basi. DOCSIS (kiwango cha kiufundi cha kupitisha intaneti kwenye waya huo) ya kwanza, ya 1997, iliupa njia ya kurudisha data, ila Marekani njia hiyo ilibanwa kati ya megahezi 5 na 42, na kelele za umeme kutoka kila nyumba hukusanyikia humo humo. DOCSIS 3.0 ya 2006 ikaunganisha chaneli kadhaa zifanye kazi kwa pamoja. Toleo la 3.1, la 2013, likafikisha gigabiti 10 kwa sekunde za kupakua, na 1 hadi 2 za kupakia. Ni kazi kubwa ya uhandisi na naiheshimu. Lakini gigabiti hizo ni za waya mnaochangia na majirani, si zako peke yako.

Kifurushi changu cha kebo kilikuwa megabiti 200 za kupakua na 10 za kupakia. Video ya gigabaiti 5 ilichukua zaidi ya saa nzima kupanda, na muda wote huo sauti yangu ilikatika-katika kwenye mikutano. Nikanunua modemu ya 3.1. Haikubadilisha kitu, kwa sababu kikomo kilikuwa kwenye mtandao wa kampuni. Nilipohamia faiba ya megabiti 500 za kupakua na 500 za kupakia, video ya ukubwa ule ule ilipanda kwa dakika moja na nusu hivi.

Faiba nayo huchangiwa, tusidanganyane. GPON, mfumo wa kugawa faiba moja kwa nyumba nyingi, hugawa takriban gigabiti 2.5 za kupakua na 1.25 za kupakia kwa nyumba 32 hivi, au hata 64. Ila faiba hupitisha data kwa mwanga, na mwanga hausumbuliwi na kelele za umeme; tena XGS-PON, mfumo mpya zaidi wa aina hiyo, inatoa gigabiti 10 kila upande.

DOCSIS 4.0 inaahidi hadi gigabiti 6 za kupakia. Nzuri, lakini vikuza mawimbi vya njiani navyo vinapaswa kubadilishwa, na kazi hiyo si ya siku moja.

Kama kwenu kuna kebo tu, kabla ya kusaini mwombe jirani aliyeunganishwa apime kasi saa mbili usiku, kwa waya, si waifai. Akusomee tarakimu ya kupakia.